Friji Katika Wimbo wa Sita

Nilimwambia azime friji.
Alikuwa amevua viatu, amelaza blanketi chini ya mlango,
lile zito tulilonunua Jeshi la Wokovu kwa dola nne,
upepo wa Winipegi usije ukapenya
ukajifanya mpiga filimbi.
Musotsi akasema, iache, inavuma kwenye si.
Akakaza uzi wa tano, akalegeza wa pili,
akaifuata friji kama unavyomfuata mkweo njiani,
hatua moja nyuma, bila kumkanyagia kivuli.

Miaka kumi na moja nimelala chumba kimoja na gitaa hilo.
Kipupwe kikifika, hita hukausha mbao,
na mbao ikikauka sana hupasuka,
kwa hiyo amelitia tumboni kisanduku cha sabuni
chenye sifongo iliyolowa.
Huamka saa nane za usiku kulinywesha.
Nikamwambia: wanao wawili hujawahi kuwaamkia kwa maji.
Akacheka.
Siku tatu mfululizo akawaamsha, kikombe mkononi,
hata wasio na kiu.

Chupa ilitusumbua.
Kwao Maragoli gitaa halitembei peke yake,
sharti pawe na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta,
ile ya kioo, yenye mbavu.
Huku Fanta ni plastiki. Ukiikwaruza, inakohoa.
Tulizunguka Barabara ya Sargent duka kwa duka,
theluji ikituingia kwenye buti,
hadi kwa Wameksiko, wanaoagiza soda zao kutoka kwao,
nasi tukaikuta kwenye rafu ya chini, vumbi mabegani,
mbavu zote zipo.
Musotsi akaijaribu palepale kwa ufunguo wa gari.
Foleni nzima ikageuka.
Mwenye duka akauliza kama tunaitaka baridi.

Mkwaruzaji ni mimi.
Tazama jaladani, chini kabisa, jina langu,
na mbele yake neno moja: chupa.

Juu yangu kuna Lubomir wa ghorofa ya pili,
anayegonga tsimbali za babu yake kwa vijiti
vyembamba kama mifupa ya kuku.
Kuna Lorne Desjarlais, fidla, aliyezaliwa mtoni Red,
hupiga ameketi, na miguu yake ndiyo ngoma.
Mwanzoni Musotsi alidhani Lorne hajui kuhesabu,
kwani kila akikaribia mwisho wa mstari
hulimeza pigo moja, akaendelea kama hakuna kilichotokea.
Wiki nzima hawakuelewana.
Jumapili moja, akikatakata sukuma, mume wangu akaweka kisu chini:
Ala! Huyu ni baba mdogo Andanje.
Hadithi zake zote zilikosa mguu mmoja
na zote zilikimbia.

Santuri ilipotoka nilimpigia mama mkwe, Mbale.
Nikaisogeza simu kwenye spika.
Nyimbo mbili akavumilia. Ya tatu akauliza,
Mbona haimbi? Anaumwa koo?
Haumwi, mama. Ni ala tupu, hakuna maneno.
Sasa anamwambia nani?

Jibu sikuwa nalo.
Nilisimama jikoni na simu yangu,
mkono mwingine nimeushikiza mlango wa friji,
nikautia wimbo wa sita kwa sababu ndio mfupi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na redio ya jirani.

Hicho kinachonguruma ni nini?
Friji, mama.
Ya nani?
Yetu.
Ina nini ndani?

Nikaifungua, nikamsomea:
maziwa, kunde zilizogandishwa, nusu kitunguu,
dawa ya masikio ya Kadenyi,
ugali wa jana,
betri za gitaa, sijui nani aliziweka humo.

Basi mnakula, akasema.
Hebu rudisha pale inaponguruma.